Risasi za Ungo Mmoja

Jumatatu, 1 Agosti 1910

Kesho Mkata. Leo shughuli tupu tangu alfajiri. Bwana Ulanga kaondoka jana kwa gari la moshi kwenda Dar es Salaam kung'olewa jino — shavu limevimba kama andazi! Kaniachia bunduki yake, cheti chenye muhuri wa bomani na makasha mawili ya risasi. Watu wake wanaochimba ulanga, yale mawe yang'aayo kama kioo, kule mlimani hawajaonja nyama siku nyingi. Wananung'unika, wengine wameshatoroka. Kazi yangu ni moja tu: nyama.

Kasha moja ni lile la zamani tunalolitumia kila safari, limebaki nusu. La pili ni jipya, limetoka Ulaya. Bwana alichomoa risasi mpya moja akaiinua juani kama mtu anayeangalia lulu. Akasema hizi ni bora sana, zinakwenda mbali, zinakwenda mbio. Lakini maliza za zamani kwanza, akasema. Nikajibu ndiyo Bwana. Wazungu kwa kubania vitu!

Alasiri akaja Mzee Kibwana kufukiza risasi. Huyu ndiye aliyenifundisha pori. Aliua tembo kwa gobore kabla mimi sijaota meno, na bila yeye sitoki nje ya mji. Makaa, ubani, na mizizi yake ile asiyoitaja jina. Nikampa kasha la zamani. Akaliangalia lile la pili. Na hilo je? Nikamwambia hilo zamu yake bado. Akatikisa kichwa. Risasi isiyofukizwa ni mlango ulioachwa wazi, akasema, hata ufunge milango mingine yote. Haya. Zote zikamwagwa kwenye ungo wa Mwaisha, mke wangu, zikapigwa moshi, zikapepetwa kama mchele, kisha zote ndani ya mfuko wa ngozi. Makasha matupu Mwaisha kayanyakua, atatia nyuzi zake.

Halafu miko. Mwaisha akakaa mkekani akasikiliza kama mtu ambaye hajapata kuisikia. Mume akiwa porini mke asitoe moto nje ya nyumba. Asigombane na mtu. Asisuke nywele. Na lile jingine, ambalo mzee hulitaja kwa kukohoa. Akakohoa. Mwaisha akaitikia, nimesikia baba, uso mkavu kabisa. Mzee alipotoka tu — kicheko mpaka machozi! Nywele kashazifumua, zimesimama timtim.

"Rudi upesi mwenzangu," kaniambia. "Zinaniwasha!"

Nampenda mwanamke huyu. Naandika tu, hakuna wa kusoma.

Alhamisi, 4 Agosti

Tuko Mkata. Tambarare nyeupe, nyasi zote zimeungua, huwezi kujificha hata nyuma ya kivuli chako. Kongoni wanakuona kabla hujawaona. Hapa ni kupiga kwa mbali au kurudi nyumbani. Mimi kwa mbali nasifiwa, wala sijisifu — basi, najisifu kidogo.

Asubuhi kongoni dume, hatua mia tatu hivi. Nikapandisha bati la shabaha, lile la kulengea juu ya mtutu, mpaka kwenye tarakimu ya tatu, nikalenga begani, bismillahi. Chini! Mzee Kibwana alitimua mbio na kisu, umri ule, akamwahi angali hai akamchinja. Furaha. Mpagazi wangu Maneno na wenzake wakaanza kuimba palepale.

Alasiri jike, umbali uleule, bati palepale, mkono uleule. Nikafyatua. Vumbi likatimka — nyuma yake! Mbali nyuma yake! Jike akainua kichwa, akaniangalia, akaondoka zake bila haraka.

Sijui. Labda jua lilikuwa machoni.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekosa. Nikakosa tena. Halafu nikapata pundamilia, nikasema alhamdulillahi, mambo yamekaa sawa. Halafu nikakosa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, amesimama ubavu wazi! Mtu asiye na jicho moja angempata yule! Kila nikikosa, vumbi nyuma ya mnyama. Risasi inampita juu ya mgongo.

Nimeitazama bunduki kila upande. Mtutu umenyooka. Kitako kimekaza. Bati halichezi. Mimi mwenyewe? Macho mazima, tumbo zima, silewi.

Mzee Kibwana anakaa anachokonoa meno kwa kijiti na kuniangalia. Mwishowe kaniuliza kama aulizaye habari za mvua: huko nyumbani uliacha watu salama? Nikajibu salama. Akasema mh.

Hiyo "mh" sikuipenda.

Jumapili, 7 Agosti

Nimemwaga mfuko wote juu ya shuka. Ala! Risasi hizi si ndugu. Zile za zamani zina pua butu, nene, nzito. Zile mpya nyembamba, zina ncha kama sindano ya magunia. Zote zinaingia katika bunduki ileile bila ubishi, ndiyo maana mkono wangu haukuuliza.

Basi jawabu hilo hapo! Bwana mwenyewe alisema mpya ni bora, zinakwenda mbali. Mimi mjinga nachomoa ovyo, bora na duni pamoja. Duni ndizo zinazonitia aibu. Kuanzia kesho za ncha peke yake.

Nimelala mchana usingizi mtamu.

Jumanne, 9 Agosti

Maafa.

Za ncha tupu jana. Za ncha tupu leo. Sikupata hata mmoja! Kongoni, pundamilia, tena kongoni. Juu, juu, juu! Nilikuwa nalenga kwa utulivu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, nazo zinaruka juu ya migongo kwenda huko zinakokujua zenyewe. Risasi bora za Ulaya! Nyama tuliyokausha inatosha mzigo mmoja tu. Wapagazi hawaimbi tena. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, bunduki haina kosa, kosa lina nyumba.

Jioni Mzee Kibwana kaniita kando. Hakukohoa safari hii. Kasema amekaa na wawindaji tangu enzi za baba yake na ameona haya. Mtu haachwi na mkono wake hivihivi. Kikulacho ki nguoni mwako, kasema. Uliza kwako nani anaingia, nani anatoka.

Nilikasirika. Nikamwambia, mzee, mke wangu sikuanza kumjua leo. Akasema sikukutajia mke, umemtaja wewe.

Lo!

Tangu hapo namwona Stambuli akilini. Fundi cherehani, jirani yetu mtaani Kilakala, mume wa Chausiku. Mtu wa mizaha. Akipita mlangoni lazima aseme neno na Mwaisha acheke. Mimi pia hucheka. Nilikuwa nacheka. Sasa namkumbuka amesimama mlangoni, tepe ya kupimia shingoni, na sijui kama alikuwa anasimama muda mrefu au mfupi. Sijui! Kabla ya leo sikuwa na haja ya kujua.

Nimemtuma Maneno. Anapeleka nyama kwa gari la moshi, arudi na chumvi. Nikamwambia mpe Mwaisha salamu, muulize kama nyumba iko salama. Akaanza kuondoka. Nikamwita. Nikamwambia, na umuulize Stambuli anafika pale mara ngapi.

Jumatano, 10 Agosti

Nimefanya nini? Yarabi, nimefanya nini?

Nilikimbia mpaka kituoni. Gari limeshakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa, 12 Agosti

Maneno karudi. Chumvi anayo. Habari ilibidi nimtoe mdomoni neno mojamoja kama miiba.

Alimkuta Mwaisha kwa Chausiku. Chausiku kajifungua, mtoto wa kiume, nyumba imejaa wanawake, uji, maji ya moto, vigelegele. Na huyu Maneno — akili zake! — akasimama mlangoni akatoa salamu zangu zote kwa sauti, mpaka lile swali. Mbele ya wanawake wote! Mbele ya mzazi! Mbele ya Stambuli mwenyewe, aliyekuwa anakata kitambaa cha mtoto!

Mwaisha alitoka nje. Akanawa uso. Akamwambia Maneno maneno haya, na Maneno kayashika vizuri, hilo namsifu:

"Mwambie moto nilitoa. Chausiku alishikwa na uchungu, kwake moto umezimika, maji ya kumkanda baridi. Nilitoa moto, na nikiombwa tena nitatoa. Hilo lingine aje aniulize mwenyewe, kama mdomo anao."

Kisha akakunja mkeka wake akapanda mlima. Yuko Mgeta kwa mjomba wake, Mzee Dadi. Na Mzee Dadi katuma neno kwamba atashuka mwenyewe kuja kuniona huku porini.

Moto! Kwa hiyo mwiko umevunjwa. Si ule, lakini mwiko. Nikamuuliza Maneno, moto ulitoka lini? Alhamisi, kasema. Alhamisi! Siku ileile niliyompata dume asubuhi, nikamkosa jike alasiri. Nikamuuliza ulitoka saa ngapi — kabla ya adhuhuri au baada? Hajui. Nikamkamata bega nikamtikisa. Hajui!

Basi nimekaa hapa napanga asubuhi na alasiri kwenye vidole, kama Kibwana. Mimi niliyesoma shule ya serikali. Moto ukitoka adhuhuri mambo yote yanakaa mahali pake. Lakini yule pundamilia wa Jumamosi je? Nilimpataje, na moto umeshatoka?

Kichwa kinauma. Mzee Kibwana alisikia yote. Hakusema "nilikwambia." Kasonga ugali tu, kanipakulia fungu kubwa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumapili, 14 Agosti

Leo nimeondoka peke yangu, nimewaambia nakwenda kuangalia nyayo. Uongo. Nilikwenda kwenye kichuguu kikubwa kando ya mto mkavu. Nikakoroga jivu na maji nikapaka duara jeupe katikati. Nikarudi nyuma kwa hatua mpaka umbali ule wa kongoni. Bati kwenye tatu, kama kawaida yangu. Nikalala kifudifudi.

Ya pua butu: ndani ya jivu.

Ya ncha: vumbi ng'ambo ya mto. Juu ya kichuguu kabisa!

Ya butu: jivuni. Ya ncha: ng'ambo. Nikachukua ya ncha nyingine, safari hii nikalenga chini, kwenye mguu wa kichuguu penye magugu. Nikafyatua. Jivu likaruka!

Lo, salale! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mtaka cha mvunguni huinama! Bunduki hii ilipimwa kwa risasi nzito, bati lake linanyanyua mdomo kwa ajili ya uzito ule. Hii nyepesi haitaki kunyanyuliwa, ina mbio zake, ukiinyanyua inakwenda mbinguni. Bora, ndiyo. Lakini si kwa bati hili! Bwana alisema maliza za zamani kwanza. Angekuja mwenyewe kubadili shabaha kabla ya kuanza mpya, sasa naona. Na sisi tukazimwaga zote katika ungo mmoja, tukazipepeta!

Kwa hiyo Mwaisha hana kosa. Niliruka nikasema kwa sauti, Mwaisha huna kosa! Ndege wakaruka.

Nikapiga moja ya mwisho, ya butu, kwa furaha tu. Ikachimba ardhi, karibu, chini kabisa ya kichuguu. Hata haikufika!

Nikaliokota ganda lake. Lina kutu ya kijani shingoni. Unyevu wa mlimani labda, kasha lile limekaa sana. Labda. Au labda nilivuta kifyatulio vibaya. Au—

Hapana. Ni unyevu. Lakini nimekaa pale mpaka jua limegeuka, na ganda lile mkononi, na furaha haikurudi yote.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimemweleza Mzee Kibwana. Nimempangia kila kitu mbele yake, butu huku, ncha huku. Nimempeleka mpaka kwenye kichuguu akatia kidole chake katika matundu. Ni mtu wa bunduki, si mjinga. Kaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akasema kweli, hizi ndizo zilizopita juu. Nikashusha pumzi.

Halafu akaniuliza: "Mwanangu, sikatai risasi. Nyoka akimuuma mtu, ni nyoka, sikatai. Lakini mfukoni zilikuwamo zote mbili. Alhamisi asubuhi mkono wako ulitoa njema. Alasiri ukatoa mbaya. Mkono ni uleule. Nani aliugeuza?"

Nikasema bahati tu, mzee.

Akasema, "Bahati! Na wewe siku ulipozichambua, kwa akili zako, na shule yako, ukazichagua mbaya zote ukazitupa njema. Hiyo nayo bahati?"

Nina hasira! Kwa sababu jibu lipo, najua lipo, lazima lipo, nami silipati.

Nimezitenga risasi mafungu mawili, kila fungu katika kitambaa chake. Leo nimepata kongoni wawili kwa za butu. Wapagazi wameimba. Mzee Kibwana akasema, unaona, huko mlimani mkeo keshatulia.

Nilitaka kulia.

Jumatano, 17 Agosti

Wamekuja.

Mzee Dadi mbele, mfupi, mkavu, kafunga shuka kifuani, fimbo mkononi. Nyuma yake Mwaisha. Nilikimbia kuwapokea. Shikamoo mjomba! Marahaba, lakini hakukaa mpaka alipokaribishwa mara ya pili. Mwaisha akanisalimu, hujambo Bwana Rehani. Bwana Rehani! Tangu anioe — tangu nimwoe, naandika ovyo leo — hajapata kuniita hivyo.

Nywele zake bado timtim. Hajasuka. Ametukanwa mbele ya mtaa, kapanda mlima kwa hasira, na bado hajasuka, kwa sababu mimi niko porini. Nilitazama pembeni.

Mzee Dadi aliongea kwa upole, na upole wake mbaya kuliko fimbo. Kasema kwao mtoto wa dada ni mali ya ukoo, hatupwi njiani. Aibu ilitamkwa mbele za watu, itafutwa mbele za watu. Yeye na Mzee Kibwana wakakaa kando wakateta kwa Kiluguru, wazee wawili, na baada ya muda wakawa wamepatana kabisa. Kesho nitapiga mbele yao. Mnyama mmoja, kwa mbali, risasi moja. Nikipata, Mwaisha ni safi, atarudi nyumbani kwangu na Maneno atalitangaza Kilakala mlango kwa mlango. Nikikosa, Mzee Dadi anapanda naye mlima, na mimi nisimfuate.

Nikasema sawa! Nilisema haraka mno. Kwa za butu ninapata, nachagua safi isiyo na kutu, kazi imekwisha!

Mzee Kibwana akanyoosha mkono. Lete mafungu yote mawili. Akayafungua akazirudisha zote mfukoni, akautikisa. Zilifukizwa pamoja, zitatoka pamoja, kasema. Aliyefukiza ndiye atoaye risasi. Mpigaji hatazami mkononi, anatazama mnyama. Ndiyo desturi.

Sikubisha. Nikajiambia kidole gumba kina macho. Nikiigusa tu nitajua ni butu au ncha. Butu nalenga bega. Ncha nalenga magoti. Kutu pia nitaisikia, inakwaruza.

Alasiri Mwaisha alikuja na maji. Nikamshika, nikamwonyesha risasi mbili nilizozificha, nikamweleza yote kwa pumzi moja, kichuguu, jivu, bati, uzito. Akazipokea. Akazigeuza kiganjani, akaibonyeza ile ncha kwa kidole.

"Kwa hiyo ni risasi," akasema.

"Ni risasi! Wallahi ni risasi tu!"

"Na kama usingegundua?"

Akanirudishia. Akasema, kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, kwamba kesho nikipata wale wazee watasema Mwaisha safi, na mimi nitasema risasi. "Sasa mimi nitakuwa nimesafishwa na nani?"

Akachukua kata yake akaondoka. Nilitaka kumwambia nisamehe. Ni neno moja tu. Badala yake nikasema, maji yako matamu. Mjinga wa wajinga mimi!

Alhamisi, 18 Agosti

Naandika kwa kalamu ya risasi, nimekaa chini nyuma ya kichaka cha miiba. Mkono wa kushoto una bunduki, risasi yenyewe imo ndani.

Kundi liko mbele yetu. Kongoni dume kasimama peke yake, ubavu wazi, hatua mia tatu au zaidi kidogo. Upepo unatujia usoni. Bati liko kwenye tatu. Wote tumechuchumaa, wazee, Maneno, wapagazi. Mwaisha kule nyuma kidogo kwenye nyasi.

Mzee Kibwana alitia mkono mfukoni, akakoroga, akanipa. Sikutazama. Kidole gumba kikasema: ncha. Shingo laini, haina kutu. Nzuri. Nikaitia ndani, nikamlenga magoti. Nikaanza bismillahi —

Maneno akaguna. Mzee Dadi akageuka. Nikageuka na mimi.

Mwaisha anasuka nywele.

Kakaa palepale kwenye nyasi, miguu mbele, kitana anacho, alikuja nacho! Anagawa njia polepole, utadhani yuko barazani kwake. Mbele yetu sote. Mzee Dadi akamkemea kwa kunong'ona, mwanangu unaniua, acha! Hakuacha. Hakumtazama mjomba wake. Alikuwa ananitazama mimi, na vidole vinakwenda.

Mzee Kibwana kanishika mtutu akaushusha. Safari imeharibika, anasema, tuahirishe, hakuna risasi itakayopata leo, hata uisukume kwa mkono. Mzee Dadi anasema hapana, maneno yalishatoka, apige. Wanabishana kwa kunong'ona wasimshtue mnyama. Nipeni dakika, nimewaambia, nikatoa kalamu. Wanadhani naandika dua.

Kongoni bado kasimama. Anatafuna tu.

Naijua risasi hii. Nimeipima mwenyewe. Ncha, nyepesi, inapanda, lenga magoti. Jivu liliruka, niliona kwa macho yangu. Nywele za mtu hazifiki hatua mia tatu!

Mstari wa kwanza wa nywele umekwisha. Kaanza wa pili.

Mzee Kibwana kauachia mtutu. Anasema haya, piga basi, tuone. Wote wananitazama. Naijua risasi hii. Basi huu mkono unatetemekea nini?